Damu Haingoji Maji Kujaa

Kijana aliyesomea maabara Nairobi au Mombasa akipangiwa kazi visiwani Lamu, swali lake la kwanza huwa kuhusu mashine. Kuna mashine gani kule? Ipo ya kuhesabu seli? Ipo GeneXpert ya kifua kikuu? Ni swali la haki, na jibu lake hubadilika kila bajeti ya kaunti inapobadilika. Lakini visiwani, sehemu kubwa ya majibu mabaya huwa yameshaharibika kabla mashine haijawashwa. Yameharibikia kwenye boti au kwenye maji ya kisima yaliyotumika kuchanganyia rangi. Mengine yameharibika kwa sababu mgonjwa hakuelezwa vizuri, akaona haya kuuliza. Makala haya ni ya huyo kijana, na ya mzazi wake ambaye angependa kujua mwanawe anakwenda kufanya nini hasa.

Habari za vyeti nitazipitia haraka. Kenya huruhusiwi kumpima mtu bila kusajiliwa na bodi ya mafundi na wanateknolojia wa maabara za kitabibu, KMLTTB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Leseni huhuishwa kila mwaka, na ili uhuishe unahitaji alama za kuendelea kujisomesha. Aliye Kiunga au Ndau asingoje semina ya mjini imjie mlangoni. Apange mapema ni ipi ataihudhuria na ni masomo yapi atayafanya kwa simu siku ambazo mtandao una nguvu. Ukitaka kufungua maabara yako binafsi mtaa wa Langoni mjini Lamu, au Mpeketoni, hiyo ni leseni nyingine na ukaguzi mwingine. Usianze kwa meza moja na hadubini moja ukitumai karatasi zitafuata.

Tangu mwaka 2013 afya iko mikononi mwa kaunti, kwa hivyo mwajiri wako huenda akawa kaunti yenyewe. Rufaa ya visiwani ni Hospitali ya King Fahd iliyo mjini Lamu. Faza ina hospitali yake inayotazamwa na watu wa kisiwa cha Pate, na bara kuna Mpeketoni na Witu. Huko kwingine zaidi ni zahanati, ambazo baadhi yake hazina maabara, zina mhudumu na vijiti vya kupima malaria tu. Hata ukiwa mjini, kazi yako inaanzia huko, kwa sababu sampuli zao ndizo zitakazokujia.

Basi tuanze na bahari. Mashua zitokazo Pate kuja Lamu hupita Mkanda, ule mfereji baina ya kisiwa cha Manda na bara. Maji yakipwa, Mkanda huwa mgumu kupitika. Kuzunguka nje ya Manda wakati wa kusi ni safari ambayo nahodha mwenye akili haifanyi kwa ajili ya chupa nne za damu. Sasa tazama saa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa kunako saa nne na saa tano asubuhi. Yaani saa ile ile ambayo zahanati imemaliza kutoa damu za asubuhi, njia huenda imefungwa. Ikifungwa, damu itakaa kijijini hadi alasiri, ifike Lamu magharibi, na wewe umeshavua koti.

Kwa hivyo kitu cha kwanza kubandika ukutani, kabla ya bango lolote la wizara, ni jedwali la maji la mwezi. Maji husogea takriban dakika hamsini kila siku, na yeyote aliyekulia pwani anayahesabu kichwani. Wewe uliyetoka bara muulize nahodha, usijifanye unajua. Kisha kaa na wahudumu wa zahanati mkubaliane siku za kutoa sampuli za kusafirishwa kwa kufuata maji, si kwa kufuata Jumatatu na Jumatano. Na siku ya Ijumaa usitegemee boti adhuhuri.

Kwa nini nasisitiza saa? Chukua sukari. Damu ikiachwa ndani ya chupa pamoja na seli zake, seli huendelea kula sukari iliyomo, takriban asilimia tano hadi saba kwa kila saa, na kwenye joto zaidi. Mama wa Kizingitini ambaye sukari yake asubuhi kabla ya kula ilikuwa 7.4, kiwango cha kisukari, damu yake ikikaa saa nne itakuja kusomeka 5.7 hivi, kiwango cha mtu mzima wa afya. Mashine yako haitakuwa imekosea. Itakuwa imesema kweli kuhusu damu iliyomo chupani, si kuhusu mama yule. Dawa yake ni chupa ya kifuniko cha kijivu yenye floridi, na bora zaidi ni kuzungusha damu pale pale na kuitenga seramu kabla haijapanda boti. Faza wanaweza. Pasipo na umeme wa kutegemewa, mashine ndogo ya kuzungusha kwa mkono bado inafaa, hata kama vijana wataicheka.

Potasiamu nayo ina hila yake. Boti ya kasi ikipigwa na mawimbi hutikisa chupa, seli hupasuka, potasiamu iliyokuwa ndani hutoka, na daktari anaona namba ya kutisha ya moyo unaokaribia kusimama. Ukiweka damu nzima, haijatengwa, kwenye barafu ukidhani unaihifadhi, potasiamu hupanda vile vile. Damu nzima ya kipimo hicho isigusane na barafu. Chupa zisimame wima, zifungwe ndani ya kisanduku kilichojazwa pamba au nguo ili zisicheze, na kisanduku kiwekwe katikati ya chombo karibu na nahodha, si kwenye omo inakopigwa kila wimbi. Ikija seramu nyekundu, ikatae. Andika kwenye rajista kwamba umeikataa na kwa nini, piga simu kijijini, omba nyingine. Kukataa sampuli ni kazi ngumu kuliko kupima, hasa ukijua mgonjwa amesafiri na jirani yake kalipa nauli. Lakini namba ya uongo itamgharimu zaidi.

Kwa malaria, nashauri slaidi zitengenezwe huko huko kijijini, damu ikitoka kidoleni. Damu iliyokaa kwenye chupa ya EDTA kwa saa kadhaa hubadilisha sura za seli na za vimelea, nawe utaumia macho kutafuta kilichokwisha kuharibika. Tone nene na tone jembamba kwenye slaidi moja. Lile jembamba likaushwe kisha likazwe kwa methanoli. Lile nene lisiguswe na methanoli wala lisianikwe juani. Joto la jua la Lamu hulikaza lenyewe, na likishakazwa maji hayapasui tena seli nyekundu, hivyo unaangalia ukuta wa damu, huoni chochote nyuma yake. Slaidi zikauke kivulini, zifunikwe, kwa sababu nzi na mende wanapenda damu na hawajali utafiti wako. Zipakwe rangi ndani ya siku moja au mbili.

Rangi ya Giemsa inataka maji yenye pH 7.2. Maji ya visiwani yana chumvi. Hata mji wa Lamu wenyewe unaishi kwa maji matamu yaliyojificha chini ya michanga ya Shela, na kila kisima kina tabia yake. Ukichanganya rangi kwa maji ya kisima utaona slaidi imegeuka samawati iliyokoza au imepauka, punje za vimelea hazionekani, na utaandika "hakuna" kwa mtu anayeungua homa. Tumia maji yaliyokenekwa. Yakikosekana, maji ya mvua ya jabia, yale wanayokinga watu wa Pate na Kiwayu, ni mazuri kuliko ya kisima kwa kuwa hayana chumvi, ila yachuje, uyatie vidonge vya kusawazisha pH, uyapime kwa karatasi. Fanya slaidi moja ya majaribio kila unapofungua rangi mpya au maji mapya. Aliyezoea maabara yenye bomba la maji safi ataona haya ni maneno mengi. Akikaa Siyu msimu mmoja atanyamaza.

Hadubini ni ya kutunzwa kama kifaa cha baharini. Unyevu na chumvi huotesha ukungu kwenye lenzi, na ukungu ukishakula kioo hakuna fundi wa kuurudisha. Futa mafuta ya lenzi ya 100 kila jioni kwa karatasi ya lenzi. Usiku iweke ndani ya sanduku lililofungwa pamoja na vifuko vya silika. Zile punje za samawati zikigeuka waridi zimeshiba maji. Zikaange kidogo kwenye sufuria kavu juu ya jiko hadi zirudi rangi yake, uzitumie tena. Vijiti vya malaria na vya sukari navyo huharibiwa na unyevu, kwa hivyo pakiti haifunguliwi mpaka mgonjwa ameketi mbele yako. GeneXpert, pale ilipo, haitaki chumba kipitacho nyuzi 30. Feni haitoshi, na umeme ukikatika katikati ya kipimo, kijaluba kilichotiwa sampuli kimekwenda. Hesabu vijaluba vyako kabla kusi haijaanza kuvuma, na uagize kwa miezi, si kwa wiki. Msimu huo mzigo kutoka Mokowe huchelewa kwa sababu ambazo barua ya malalamiko haiwezi kuzitatua.

Kuna vipimo viwili vyenye saa zile zile za Kiswahili, kimoja mchana na kingine usiku, na wanafunzi hupenda kuvichanganya. Kichocho cha mkojo hutafutwa saa nne hadi saa nane mchana, mayai yanapotoka kwa wingi. Hiki utakikuta zaidi kwa watu wa bara wanaooga na kuvua kwenye maji matamu. Matende na mabusha, maradhi ambayo Lamu inayafahamu kwa muda mrefu, hutafutwa kwa damu ya saa nne hadi saa nane usiku. Minyoo wachanga wa ugonjwa huu mchana hujificha kwenye mapafu, usiku hutoka kwenye damu ya juu juu wakati mbu wanauma. Siku hizi kuna kijiti kinachotambua ugonjwa saa yoyote, lakini anayetaka kuwaona minyoo wenyewe bado hana budi kukesha.

Kukesha huko kunataka adabu kabla ya sindano. Huingii kijijini Matondoni saa nne usiku ukabisha milango. Mtangulize chifu au naibu wake, zungumza na imamu na wazee wa mtaa, waeleze kinagaubaga kwa nini usiku. Damu itolewayo gizani na mgeni mwenye mfuko huzaa hadithi kabla ya alfajiri, na wala si ujinga: mtu yeyote angeuliza. Kumbuka pia kwamba Lamu imepitia miaka ya amri za kutotoka usiku, hasa baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014. Hakikisha maafisa wa usalama wana habari ya safari yako kwa maandishi, na upande wa bara usipange kusafirisha sampuli usiku kwa barabara.

Nikiwa kwenye adabu, niseme ya chumba cha kutolea damu. Salimu kwanza. Masalkheri yako isiwe ya mbio. Mwanamke wa makamo muite Bi au Mama, mzee muite Mzee au Maalim kama ndivyo anavyoitwa na watu wake. Mfanyakazi mwanamume amtolee mwanamke damu akiwa na mwenzake wa kike chumbani, amuombe akunje mkono wa buibui mwenyewe, asimshike kwa ghafla. Kama yupo mwenzako wa kike, mwachie. Usimtamkie mtu "leta kinyesi" mbele ya foleni. Kuna haja ndogo na haja kubwa, na kila mtu anaelewa. Mpe chupa ikiwa ndani ya bahasha ya khaki, umwonyeshe kiasi cha kutia na uiandike jina yeye akiwepo. Watu wengi hawarudi na chupa kwa haya tu ya kupita nayo kichochoroni, kisha tunawaita wakaidi.

Ramadhani ina hesabu zake. Waamu wengi wanafuata madhehebu ya Imam Shafi, na humo kutolewa damu hakufunguzi, hata kuumikwa hakufunguzi. Lakini si wewe wa kumtolea mtu fatwa ukiwa na sindano mkononi. Mwombe maalimu wa msikiti aseme mapema Shaabani, mambo yatakuwa mepesi. Kwa upande wako, tumia funga yao vizuri. Mtu aliyekula daku saa kumi na nusu za alfajiri ametimiza saa nane za kutokula ifikapo saa sita na nusu mchana. Kwa hiyo sukari ya kabla ya kula mwezi huo ichukuliwe adhuhuri, na ile ya saa mbili asubuhi usiiite hivyo. Nimeona karatasi nyingi za majibu ya Ramadhani ambazo hazikuandikwa saa ya kutolewa damu. Hazina maana yoyote.

Siri. Hapa ndipo penye kazi kubwa, na chuoni hufundishwa kwa kurasa mbili. Mji wa Lamu ni wa kuta zinazokaribiana na mabaraza yenye watu kila saa. Mgonjwa wako wa leo ni shemeji wa muuza samaki wako. Binti anayekuja kupimwa mimba, mamake atakuulizia sokoni kwa upole sana, akianza na hali ya mkeo na wanao. Jibu ni moja kwa wote: "Majibu anayo mwenyewe, Mama." Liseme kwa majibu mazuri na mabaya sawasawa, kwa sababu ukizoea kusema "hana kitu" kwa wazima, siku utakayonyamaza umeshasema. Sheria ya mwaka 2006 kuhusu ukimwi na ile ya mwaka 2019 kuhusu ulinzi wa data ziko upande wako, nawe zitakushika pia. Rajista isiachwe wazi mezani. Chupa za vipimo nyeti ziwe na namba badala ya majina. Na usiite jina la mtu kwa sauti ukitaja kipimo chake. Nyumba za mawe ya matumbawe hurudisha sauti mpaka ukumbini kwa jirani.

Halafu kuna damu ya kuongezwa. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hangoji gari litoke Mombasa, na Mombasa si karibu. Weka orodha ya watu waliokubali kuitwa, pamoja na kundi la damu la kila mmoja na tarehe ya mwisho aliyotoa, maana mwanamume hukaa miezi mitatu na mwanamke minne kabla ya kutoa tena. Wenye Rh hasi ni wachache sana, kwa hivyo wajue kwa nyumba zao. Pale hospitalini, friji ya damu isizidi nyuzi 6 wala isishuke chini ya 2, na isiwekwe maji ya kunywa ya wafanyakazi. Hata wakati wa dharura, vipimo vya ukimwi, homa ya ini B na C na kaswende havirukwi. Jamaa watakupigia kelele. Waambie ni dakika ngapi, na uzitimize.

Nimebakiza jambo ambalo nadhani ndilo linaloutofautisha ufundi na kusoma namba. Katikati ya mwaka 2004 watu wa Lamu waliugua homa iliyowavunja viungo. Ilikuwa imetangulia ukame. Watu walikuwa wakihifadhi maji kwenye mitungi na mapipa kwa muda mrefu bila kuyabadilisha, na mbu wa Aedes wakazaana humo. Sampuli zilipelekwa kwenye taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, ikathibitika kuwa ni chikungunya. Uchunguzi wa damu uliofanywa Oktoba ulikuta robo tatu ya waliopimwa wana dalili za kuambukizwa, na kwa makadirio watu 13,500 katika kisiwa chenye watu kama 18,000. Baadaye mlipuko huo ukashuka hadi Komoro na Réunion mwaka 2005, kisha India, ambako mwaka 2006 waliougua walizidi milioni moja. Mji wenye vichochoro ulitangulia kuugua, dunia ikafuata.

Fikiria meza ya maabara katika wiki za mwanzo za homa kama hiyo. Homa, slaidi, hakuna vimelea. Homa, slaidi, hakuna vimelea. Kishawishi cha kumwandikia mgonjwa alama moja ya malaria ili daktari aridhike na mgonjwa aondoke na dawa ni kikubwa kuliko tunavyokiri, na wagonjwa wenyewe hukiomba. Usifanye. Kijiti nacho kina hila yake hapa: kinaweza kuonyesha malaria hata wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa hiyo kijiti chanya na slaidi tupu vinakutaka uulize alitibiwa lini. Kila jioni ya Alhamisi hesabu kwenye rajista: homa ngapi zilikuja, ngapi zilikuwa na vimelea, zimetoka mitaa ipi. Hiyo ni kazi ya dakika kumi. Ukiona homa zinaongezeka na vimelea haviongezeki, mpigie afisa wa ufuatiliaji wa magonjwa wa kaunti siku hiyo hiyo, tenga seramu za wagonjwa watano au sita walio katika siku zao za mwanzo za homa, ziandike tarehe homa ilipoanza, ziweke kwenye baridi, na uulize boti ya kesho inaondoka maji ya saa ngapi.